Wa kuulizwa ni nani?

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mwongozo wa usalama wa watoto shuleni niutafsiri kutoka Kiingereza. Kurasa arobaini na ushee, lugha nyepesi, kazi ya wiki moja. Ukurasa wa tisa ulikuwa na sentensi fupi: "Ultimately, the buck stops with the head teacher." Sikusita. Niliandika, "Mwalimu mkuu ndiye mwenye kauli ya mwisho," nikaendelea na aya iliyofuata.

Rasimu ikaenda kwa mhakiki, mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Tanga, mzee ambaye mpaka leo hahakiki kwenye kompyuta. Lazima umchapie, naye anapita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Karatasi ziliporudi, pembeni ya sentensi ile palikuwa na neno moja na alama ya kuuliza: "Jalala?"

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeiona ile ya ukurasa wa tisa?"

"Nimeiona, Mwalimu, ila sijakuelewa."

"Nisomee ulivyoandika."

Nikamsomea.

"Sasa huyo mwalimu mkuu," akasema, "hapo umempa cheo au umempa mzigo?"

Sikuwa na jibu la haraka, na yeye hakuwa na haraka ya kunipa. Alinitakia kazi njema akakata simu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufuatilia msemo huu kama mtu anayemfuatilia mdeni, na kila ninakoupata nagundua kwamba Mwalimu alikuwa na haki ya kuushika ule mstari.

Kosa langu ni la wengi. Tukikutana na "the buck stops here", yaani lawama inaishia hapa, tunasikia madaraka, kwa hiyo tunatoa "kauli ya mwisho", au "mwamuzi wa mwisho", au tunasema fulani ndiye aliyeshika mpini. Ni kweli kwamba anayebeba lawama mara nyingi ndiye aliyeamua. Lakini fikiria jinsi tunavyotumia maneno hayo. Kauli ya mwisho anayo mjomba kwenye kikao cha posa: watu wote wamesema, yeye anakohoa, anataja idadi ya ng'ombe au kiasi cha fedha, na mjadala umekwisha. Hiyo ni nguvu inayokuja kabla ya jambo kufanyika. Msemo wa Kiingereza unamtafuta mtu baada ya jambo kufanyika, hasa likiharibika. Fundi ameacha shimo la choo wazi, mtoto wa darasa la kwanza ametumbukia. Mwalimu mkuu aliyepewa kauli ya mwisho anaweza kusema, na asiwe mwongo, kwamba yeye hakuamua shimo liachwe wazi. Mwalimu mkuu wa ile sentensi ya Kiingereza hana pa kwenda na utetezi huo. Shimo ni lake hata kama hakuwahi kulitazama.

Kwenye mwongozo wa usalama wa watoto, tofauti hiyo si ya mapambo.

Neno lenyewe, "buck", limewapoteza wengi kwa njia nyingine. Kwa kuwa mtaani Marekani ni jina la dola, nimewahi kuona tafsiri iliyosema "pesa inaishia hapa". Msomaji wa Kiswahili akikutana na hiyo kwenye waraka wa ofisi ataelewa jambo moja tu, nalo ni kwamba kuna mtu anakula. Msemo umegeuka kuwa tuhuma ya ufisadi, wakati nia yake ilikuwa kinyume kabisa.

Asili yake ni meza ya karata. Kwenye poka ya Marekani ya karne ya 19, wachezaji walipokezana zamu ya kugawa. Kugawa hakukuwa heshima. Mgawaji ndiye anayechanga karata, kwa hiyo mtu akiona mkono wake mbovu, wa kwanza kutiliwa shaka ni huyo aliyechanga. Ili kukumbuka zamu imefika kwa nani, kitu kiliwekwa mezani mbele yake, na inasimuliwa kwamba mara nyingi kilikuwa kisu chenye mpini wa pembe ya paa dume, mnyama ambaye Kiingereza kinamwita "buck". Asiyetaka kugawa alikisukuma kile kisu mbele ya jirani. Ndiyo maana Kiingereza kilipata kwanza msemo wa kusukuma, "pass the buck", na ule wa kusimama ukaja baadaye kuujibu.

Hapa nilisimama kidogo, maana na sisi tuna kisu kwenye lugha ya mamlaka. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wewe umeshika makali, mimi nimeshika mpini. Lakini kisu chetu ni nguvu, ni nani atamkata nani. Kile cha wacheza poka ni zamu, kitu kinachokujia utake usitake, na aibu yake ni kukisukuma. Ukitafsiri kwa kufuata kisu utajikuta umerudi kwenye madaraka.

Kwa kusukuma majukumu sisi tumechukua mpira. Magazeti yetu yanaandika kila mwezi kwamba wizara na halmashauri "zinatupiana mpira". Na aliye katikati ana msemo wake, mzuri kuliko wote kwa maoni yangu: amepigwa danadana. Danadana ni ule ustadi wa kuuchezesha mpira juu ya mguu, goti, kichwa, usiguse ardhi. Anayesema "wamenipiga danadana" anajieleza yeye mwenyewe kuwa ndiye mpira. Kiingereza kinamtazama anayesukuma kisu. Kiswahili kimemtazama anayesukumwa. Huo ni mtazamo wa watu waliosimama foleni, na sidhani kama umekuja kwa bahati.

Aliyeufanya msemo wa "the buck stops here" ujulikane duniani ni Harry Truman, rais wa 33 wa Marekani, mtu aliyependa poka maisha yake yote. Rafiki yake Fred Canfil alitembelea gereza la marekebisho la serikali kuu lililoko El Reno, Oklahoma, akaona kibao chenye maneno hayo. Akamwomba mkuu wa gereza kitengenezwe kingine kama hicho kwa ajili ya rais. Kikapelekwa kwa posta tarehe 2 Oktoba 1945. Ni kitu kidogo: kioo kilichopakwa rangi, juu ya kitako cha mbao ya mwalnati, urefu wa sentimita 33 hivi na kimo cha sita na kidogo. Kwa nyuma kimeandikwa kwamba mwenyewe anatoka Missouri. Leo kipo kwenye maktaba yake huko Independence, Missouri.

Nalipenda sana hilo la gereza. Maneno ambayo wakubwa wa dunia wanapenda kuyatamka mbele ya kamera yalitoka mahali ambapo kila aliyekuwemo alikuwa anajibu kwa alilolifanya.

Angalia na tarehe. Watu wengi wanadhani kibao kilikuwa mezani Truman alipoamua kuhusu bomu la atomiki. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, Nagasaki tarehe 9. Kibao kilifika Oktoba. Mtu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye umakamu wa rais kwa siku 82 tu kabla Rais Roosevelt hajafariki tarehe 12 Aprili, na habari kamili za bomu alielezwa na waziri wa vita, Henry Stimson, tarehe 25 mwezi huo huo, akiwa tayari rais.

Na ile amri? Amri ya kudondosha bomu iliandikwa tarehe 25 Julai, ikaelekezwa kwa Jenerali Carl Spaatz. Aliyetia saini ni Jenerali Thomas Handy, aliyekuwa anakaimu nafasi ya mkuu wa majeshi, kwa kuwa mwenye nafasi, George Marshall, alikuwa Potsdam, Ujerumani, pamoja na rais. Waraka unasema umetolewa kwa maelekezo na idhini ya waziri wa vita na mkuu wa majeshi. Umetaja miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Unaagiza mabomu mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Jina la Truman halimo.

Yeyote aliyewahi kupokea barua ya ofisi yenye "Kny.", yaani "kwa niaba ya", chini yake anajua kinachotokea hapo. Sahihi ni ya mtu mmoja, cheo ni cha mwingine, uamuzi ni wa wa tatu, na ukitaka kumuuliza mtu kila mmoja ana sababu ya kukuelekeza kwa mwenzake. Truman angeweza kuishi uzee wake wote ndani ya nafasi hiyo. Angesema mpango aliukuta, amri aliisaini jenerali, mabomu yalikuwa na ratiba yake. Hakusema hivyo. Tarehe 10 Agosti, siku moja baada ya Nagasaki, aliagiza lisidondoshwe jingine bila idhini yake ya wazi, na mpaka uzeeni aliendelea kusema uamuzi ulikuwa wake.

Sitaki nieleweke vibaya. Kubeba lawama hakuligeuzi jambo kuwa jema. Waliokufa Hiroshima hawakupunguka hata mmoja kwa sababu kuna mtu alisema "ni mimi". Ninachosema ni kwamba anayetaka kuuliza, hata leo, anajua mlango wa kubisha. Swali lina pa kwenda. Pale ambapo hakuna aliyesema "ni mimi", wafiwa wanabaki na maiti na maswali pamoja, na maswali hayazikiki.

Aprili 1951 Truman alimwondoa Jenerali MacArthur kwenye uongozi wa vita vya Korea, shujaa aliyependwa nchi nzima, na wananchi wakamgeuka rais wao. Kura ya maoni ya Gallup ya Februari 1952 ilionyesha kwamba waliomkubali ni asilimia 22 tu. Tarehe 15 Januari 1953, akiaga kwa redio na televisheni, alisema kwa maneno machache kwamba rais, awe nani, lazima aamue. Hana wa kumsukumia. Hakuna mwingine atakayemfanyia kazi hiyo. Ukiisoma hotuba hiyo huku unaijua ile asilimia 22, huwezi tena kuyasikia maneno yale kama majivuno ya mwenye kauli.

Lakini ushahidi ulionifungua macho kuliko kile kibao ni wa mtu aliyempokea Truman kiti, Dwight Eisenhower, na ni wa mwaka mmoja kabla ya kibao. Tarehe 5 Juni 1944, siku moja kabla ya wanajeshi zaidi ya 150,000 kuvuka bahari kwenda Normandy, Ufaransa, Eisenhower, wakati huo jenerali mkuu wa majeshi ya Washirika, alichukua kipande cha karatasi na penseli akaandika taarifa ya kutangazwa iwapo watashindwa. Alikosea hata mwezi, akaandika Julai. Alisema kutua kumeshindikana, akasema askari wa nchi kavu, wa anga na wa majini wamefanya yote ambayo ushujaa ungeweza kufanya, na kama kuna lawama au kosa lolote, ni lake peke yake. Hayo maneno mawili ya mwisho aliyapigia mstari. Taarifa hiyo haikuhitajika. Kesho yake walitua wakashikilia.

Kwenye karatasi hiyo kuna kufuta, na huko kufuta ndiko kunakonigusa mimi kama mtu wa lugha. Mwanzo aliandika kwamba askari wameondolewa. Akakata. Akaandika: nimewaondoa askari.

Yasome tena kwa Kiswahili. "Askari wameondolewa." "Nimewaondoa askari." Tofauti kubwa inakaa mwishoni mwa kitenzi, kwenye ile silabi "-wa" ya kutendwa, ambayo tunafundishwa darasa la tano bila kuambiwa kwamba mtu mzima mwenye kitambi anaweza kujificha ndani yake. Kiswahili kinakuruhusu kumtaja mtenda ukitaka: wameondolewa na fulani. Ofisini hakuna anayeongeza hilo "na fulani". Imeamuliwa kwamba. Imebainishwa kuwa. Unaarifiwa. Umeelekezwa. Ombi lako limekataliwa. Nimetafsiri nyaraka za kutosha kujua kwamba Kiingereza nacho kina maficho hayo hayo, ila chetu ni chepesi zaidi, maana kwa Kiingereza lazima ujenge kibanda cha maneno mawili matatu, na sisi tunaongeza silabi tu, mtu ametoweka.

Nilijifunza uzito wa silabi hiyo kwenye dirisha la ofisi moja ambayo sitaitaja.

Baba alipofariki, tulihitaji karatasi fulani ili mambo yake yafungwe. Kwenye kumbukumbu zao jina lake lilikuwa na herufi moja tofauti: l mahali pa r. Herufi moja, na mama yangu akageuka kuwa mjane wa mtu asiyekuwepo. Nilikwenda dirishani. "Jina liliandikwa vibaya," akaniambia kijana wa pale kwa upole kabisa. Liliandikwa na nani? "Liliandikwa zamani." Nilielekezwa masjala. Masjala wakasema faili lilipelekwa kwa afisa. Afisa yuko semina Dodoma. Aliporudi, faili lilirudishwa masjala. Masjala halikuonekana. Niliandika barua; nikaambiwa barua ilipokelewa. Niliuliza imefika kwa nani. Nikaambiwa inafanyiwa kazi. Miezi mitano nilikuwa naamka alfajiri, napanda daladala mbili, na nikifika nakutana na vitenzi vya kutendwa. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniomba chochote. Kila mmoja alikuwa na adabu. Nilikuwa napigwa danadana na watu wenye adabu, na kila nikirudi nyumbani mama ananitazama usoni kwanza, kisha anaacha kuuliza.

Mwezi wa sita nilimkuta mama mmoja wa makamo anayekaimu ukuu wa kitengo. Nilimwamkia, nikaanza kueleza kwa mara ya kumi na ngapi sijui. Hakunikatiza. Alimwita mtu wa masjala akamwambia atafute faili na asirudi bila hilo faili. Likaja, jekundu lililochakaa, limefungwa kwa uzi. Akalifungua mbele yangu, akapekua hadi chini kabisa, akatoa fomu ambayo baba aliijaza kwa mkono wake kabla mimi sijazaliwa. Mwandiko ule niliujua kabla sijausoma. R yake ndefu, yenye mkia.

Akaweka kadi iliyochapwa pembeni yake. Akatazama moja, akatazama nyingine.

"Huyu mzee aliandika sawasawa," akasema. "Tuliokosea ni sisi."

Sikusema kitu.

"Aliyechapa simjui, huenda amestaafu, huenda amekufa. Lakini kwenye kiti hiki nimekaa mimi, kwa hiyo nimekosea mimi. Nisamehe, mwanangu. Faili hili haliendi tena kokote. Ukirudi, usianzie dirishani. Njoo kwangu."

Mwanamke yule hakuwa na kauli ya mwisho. Alikuwa anakaimu, juu yake kulikuwa na mkuu, na juu ya mkuu kulikuwa na wengine. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba msemo huu si wa vyeo. Kisu kilikuwa kimepita mikono yote ile kikafika mezani kwake, yeye akaweka kiganja juu yake.

Siasa yetu nayo ina neno lake, kuwajibika. Kwa asili ni kutimiza wajibu, lakini kwenye magazeti na bungeni, ukisikia "waziri awajibike", watu wanataka ajiuzulu. Mfano ambao Watanzania wanaurudia ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1976 watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakushika kirungu wala hakuwa chumbani. Januari 1977 alijiuzulu. Akaenda kuwa balozi Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akampokea Mwalimu Nyerere urais wa Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024 wengi wetu tulikumbuka ile barua yake ya kujiuzulu kabla ya kukumbuka jina lake la utani, Mzee Ruksa.

Naiheshimu sana hatua hiyo. Hata hivyo nimeanza kuona kwamba kujiuzulu na kusimama na lawama ni mambo mawili, na si lazima yaende pamoja. Truman hakujiuzulu. Yupo anayeng'atuka ili asiulizwe. Anaondoka Ijumaa na maswali yanabaki mezani kwa anayeingia Jumatatu. Sarufi yenyewe inatenganisha: kuwajibika mtu anafanya mwenyewe, kuwajibishwa anafanyiwa. Na kuna ya tatu ambayo siku hizi naisikia sana, ya kiongozi anayetangaza "nawajibika kwa hili" kisha hakuna kinachofuata, wala fidia wala maelezo. Kiingereza kimeugua hivyo hivyo. Ukisikia "the buck stops with me" siku hizi, subiri wiki mbili kabla hujapiga makofi.

Ndipo ninaporudi kwenye jalala la Mwalimu.

Mkubwa ni jalala. Mimi ni kifungua mimba, methali hii nimeilia kama uji. Kuku wakiingia ndani wakamwaga unga, aliyeacha mlango wazi ni mdogo wangu, anayeulizwa ni mimi. Nikilalamika, shangazi ananiambia: mkubwa ni jalala, mwanangu. Na nyuma ya nyumba yetu jalala lilikuwepo kweli. Majivu ya asubuhi, maganda ya mihogo, vichwa vya dagaa, chungu kilichopasuka. Kila mtu alitupa, na hakuna kilichorudishwa mlangoni. Ndiyo tabia ya jalala: linapokea, halisukumi mbele.

Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na hilo wazo muda mrefu kabla ya Truman kukaa kwenye kiti, na mimi niliyelelewa ndani yake nikalipita nikakimbilia kauli ya mwisho. Hilo liliniuma kidogo, sitaficha. Lakini methali yetu ina upande ambao shangazi hakuusema. Mara nyingi anayeitamka si yule mkubwa. Wanaitamka wanaotupa. Binti wa kwanza anayezimishwa ndoto zake ili alee wenzake anaambiwa hivyo hivyo, anyamaze apokee. Truman na yule mama wa faili walijisemea wenyewe. Ukimvika mtu ujalala wakati hana mamlaka ya kurekebisha chochote, unamwonea. Kubeba lawama kuna maana pale tu mbebaji anaweza pia kusema, "Leteni faili."

Basi nilimpigia tena Mwalimu, baada ya siku mbili za kufuta na kuandika. Nikamwambia siwezi kuandika kwenye mwongozo kwamba mwalimu mkuu ni jalala.

"Hapana, huwezi," akasema. "Mimi nilikuuliza tu. Umeandika nini?"

"Jambo lolote likiharibika, wa kuulizwa ni mwalimu mkuu."

Akakaa kimya. Nikamsikia akiitafuna.

"Wa kuulizwa," akarudia. "Na atakayemuuliza ni nani?"

"Mzazi, Mwalimu."

"Liandike na hilo."

Nikaliandika. Mwongozo ulichapwa na hayo maneno yamo: wa kuulizwa ni mwalimu mkuu, na mzazi ana haki ya kumuuliza.

Barua ya baba tuliipata wiki ya tatu baada ya siku ile ya faili. Niliifungulia kwenye daladala, sikuweza kusubiri. Ilikuwa ya nusu ukurasa. Haikusema kwamba jina liliandikwa vibaya. Ilisema: "Tulikosea kuandika jina la marehemu. Tumelisahihisha." Jina la baba lilikuwa limekaa sawa, na r yake. Chini palikuwa na sahihi ya wino wa bluu, jina la yule mama, cheo chake, na neno "Kaimu". Nilitafuta Kny. Haikuwepo.